Kobe wa Chuno

Mdogo wangu aliiba sufuria likiwa bado jikoni, mbaazi zinachemka. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu nashona sare za shule, na wallahi sikusikia kitu. Mama alipoingia kukoroga akakuta mafiga matupu, moto unajiwakia wenyewe. Pembeni, juu ya kigoda, mbaazi zetu zote zilikuwa zimemiminwa kwenye bakuli, bakuli limefunikwa sahani, na juu ya sahani kumewekwa kijiwe ili paka asifunue. Sufuria kabeba, chakula kakiacha. Mama alisimama akikitazama kile kijiwe, kisha akasema, "Lakini mwanangu ana huruma." Nikamwambia, "Mama, mwanao ni mwizi." Tukazila zile mbaazi tumenuniana.

Naanza na sufuria kwa sababu watu wakisikia neno teja wanaona dubwana. Wa kwangu alikuwa yuleyule mtoto niliyembeba mgongoni, mwenye mwanya, aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini. Nilimpenda na nilitamani kumnyonga, mara nyingi kwa wakati mmoja. Mimi ni mtu wa hasira, hapa mtaani Chuno kila mtu anajua, wateja wangu wanakuja kuulizia nguo zao wakiwa wamejiandaa. Lakini hata nilipokuwa namfukuza na mwiko, nilikuwa naangalia asijikwae.

Kwanza aliumia mgongo. Msimu wa korosho alikuwa akipakia magunia kwenye malori pale maghalani, na si kupakia tu, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo wenzake wakaitikia. Nilikuwa nikipita naisikia sauti yake kabla sijamwona, najidai kimoyomoyo. Siku moja mvua ilinyesha, ule ubao wa kupandia lori ukalowa, akateleza na gunia shingoni. Hospitali walimpa vidonge. Vidonge vikaisha, maumivu yakabaki, na msimu nao ndio ulikuwa umeshika kasi. Wenzake wakamwambia, mbona sisi wote tunameza, kuna vidonge vikali vya maumivu, unanunua dukani bila cheti, ukimeza hulisikii gunia. Akameza, na kweli hakulisikia.

Msimu uliofuata mgongo ulikuwa umeshapona. Lakini bila vidonge hakuweza hata kuamka: miayo, makamasi, miguu inamvuta, jasho jembamba. Wao wenyewe wanaita arosto. Vidonge vilipoadimika, mtu akamwonyesha unga, akaambiwa huu unafanya kazi ileile. Huko mtaani walisema mambo haya yanavuka mto pale Kilambo, yanatoka ng'ambo. Huenda. Sisi watu wa Mtwara kila baya letu lazima liwe limevuka Ruvuma. Lakini vidonge vya mdogo wangu vilitoka duka la kona, na muuzaji alikuwa akimwamkia mama kila asubuhi kwa adabu zote. Nikipita pale mpaka leo simsalimii, na yeye hathubutu kuuliza kwa nini.

Basi nyumba ikageuka. Jiko likawekewa kufuli. Mkasi wangu nikawa nalala nao chini ya mto. Yeye akawa anasinzia amesimama, kijiko mkononi, uji unamdondokea kifuani, na mama anamfuta kama mtoto. Wakiuliza watu, mama anasema ana malaria. Wakiuliza tena, ana tumbo. Mama yangu ni mwanamke wa sitara, jambo la ndani kwake halitoki nje hata nyumba ikiungua. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ukawa unampa pole ya malaria. Mtu mmoja tu hakumpa pole ya uongo, naye ni mtani wetu.

Huyu ni mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kufukuzia tumbili shambani, nyumba yake inatazamana na yetu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu huko vijijini. Msibani kwetu yeye ndiye anayelala juu ya jeneza akidai hazikwi mtu mpaka apewe kuku. Akiingia kwetu anabeba anachotaka na anatukana anavyotaka, na sisi tukienda kwake ni hivyohivyo. Kumkasirikia mtani ni aibu yako wewe. Akimwona mdogo wangu anasinzia barazani anapiga kelele, "We mtani, utakufa umesimama, tutashindwa kukulaza kaburini!" Mimi nilikuwa nachukia. Mdogo wangu alikuwa anafumbua jicho moja na kutabasamu.

Halafu ikaja dawa. Pale hospitali kuna dirisha, wanakwenda kila asubuhi waliokuwa kwenye unga, kila mmoja anapewa dawa ya maji kwenye kikombe kidogo na anainywa palepale mbele ya muuguzi. Haibebwi nyumbani, na hairukwi siku, si Jumapili, si sikukuu. Ukishameza, muuguzi anakwambia, "Ongea." Lazima useme neno, aone kwamba hukuificha mdomoni ukaiteme nje ukaiuze. Mdogo wangu aligeuza hilo kuwa mchezo. Siku moja anasema, "Sista, umesuka vizuri." Siku nyingine, "Naomba chapati." Jioni ananisimulia alichosema leo, anacheka, ule mwanya unaonekana. Jamani, sikuwa nimeuona ule mwanya kwa muda gani sijui.

Akanenepa, akarudi kuimba. Jiko likafunguliwa kufuli, akalitwaa yeye. Anakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anapika muhogo wa nazi ambao mimi, mtoto wa kike, siwezi kuufikia, na mama ananiambia hivyo mbele za watu. Nguo nikimaliza kushona anazipiga pasi. Nikimpigia kelele kwamba kaunguza kola, ananijibu, "Dada, nilipokuwa mwizi ulikuwa unanikaripia kwa upole zaidi." Nilikuwa nacheka nikiwa nimempa mgongo asije akapata kichwa.

Ramadhani ikaingia, na hapo ndipo tulipokosea.

Usiku wa kuamkia mwezi, alimwambia mama, "Mwaka huu na mimi nafunga." Miaka yote ya unga hakufunga, alikuwa hajui hata siku. Mama alilia. Alimkumbatia pale pale, mikono imejaa unga wa vitumbua. Nani angeuliza habari ya dawa? Kikombe kile kinanywewa asubuhi, saumu imeshaanza, na dirisha halifunguliwi usiku. Mdogo wangu aliliona hilo, mimi nadhani hata mama aliliona. Lakini kwetu mtu akifunga amerudi. Ukimwona kijana aliyepotea amevaa kofia anaelekea tarawehe, umeshasema alhamdulillahi kabla hujajua unasemea nini. Mama akasema Mungu atambeba. Mdogo wangu akaacha kwenda dirishani.

Siku chache tu, jasho likaanza. Miayo, makamasi, anajinyonganyonga kwenye mkeka. Mama akasema, "Saumu inamtoa uchafu." Akamsomea dua, akampangusa uso kwa kanga yenye maji. Majirani walipita kumpongeza mama: mwanao kafunga, mashallah, tumemwona msikitini. Mama alikuwa anang'aa. Nilimwona mdogo wangu akiuma ncha ya mto ili asipige kelele wageni wakasikia. Alikuwa anajikaza kisabuni kwa ajili ya ile furaha ya mama yake.

Alasiri moja akatoka, akasema anakwenda kunyoosha miguu ufukweni Shangani. Tukatandika mkeka wa futari, uji ukapozwa, tende zikapangwa, adhana ikakaribia, hajarudi. Tukasikia magurudumu ya mkokoteni yanakuja mbio kwenye kokoto. Wakausukuma mbele ya baraza yetu vijana wa maskani, mateja wenzake wa zamani, wale ambao mama alikuwa akiwafukuza kwa maji ya kuoshea samaki. Mdogo wangu alikuwa amelazwa ndani, midomo ya bluu, anavuta pumzi moja halafu unangoja mpaka roho inakutoka ndiyo anavuta nyingine. Maumivu yalimshinda, akaenda kuvuta kipimo kilekile cha zamani, na mwili ulishakisahau. Walimwambia mama, "Tunampeleka hospitali, twende," na hawakusimama. Mmoja wao alikuwa anampiga makofi ya mashavu njia nzima, anamwita jina lake, analia. Mimi nilikimbia pekupeku na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

Alipona. Hospitali waliniambia tungechelewa kidogo tungemzika. Nilikaa nje ya wodi, nikakasirika hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia muuza vidonge, ubao uliolowa, majirani na mashallah zao, na wale walionipita pale nje wakimung'unya tende. Mama akasema, "Nilimpongeza. Mtoto anakufa, mimi nampongeza."

Wiki ileile alikwenda kumuuliza ustadhi wa mtaa. Ustadhi akamwambia huyu ni mgonjwa, dawa yake ni ya mchana na mwisho wake haujulikani, hana saumu. Atoe fidia: kwa kila siku asiyofunga alishwe maskini mmoja. Mama akauliza, maskini yeyote? Ustadhi akasema yeyote. Basi mama, yule mama wa sitara, akapika, akajitwisha, akaenda maskani yenyewe, nyuma ya yale mabanda ya vyuma chakavu. Mimi nyuma yake nimebeba maji. Wale vijana walipomwona wakataka kukimbia, wakadhani kaja na maji ya samaki.

Palepale, juu ya matofali, kulikuwa na sufuria letu. Nililijua kwa ule mbonyeo wa ubavuni, tuliupata siku ya kuhamia. Masizi yamelikamata mpaka mdomoni, ndani wamechemshia ming'oko, ile mizizi ya porini. Mimi nikafungua mdomo, unajua tena. Mama akanikanyaga mguu. Akalichukua, akalisugua kwa mchanga mpaka likaonyesha rangi, akamiminia mbaazi humo, akawapakulia mmoja mmoja. Tulipoondoka akaliacha. Njiani nikamuuliza mbona hukulibeba, ni lako. Akasema, "Nikilibeba lile, mkokoteni watausukuma na njaa?" Sikumwelewa vizuri, lakini tangu siku hiyo kila jioni ya mwezi ule nilibeba maji bila kuambiwa.

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Mdogo wangu akarudi dirishani, akaanza upya, mwaka mzima hajaruka hata asubuhi moja. Mambo yakawa mazuri kiasi kwamba nikaanza kumtafutia mchumba kimyakimya. Kisha Ramadhani ikakaribia tena, nikaanza kukosa usingizi. Nilikuwa namtazama anakuna nazi, nafikiria ule mkokoteni.

Alituambia jioni ya mwandamo. Alikuwa amekaa kizingitini, kofia yake mpya kichwani, mama alimdarizia mwenyewe, ya kijani na nyeupe, kazi ya miezi. Akasema, "Mwaka jana nilikuwa kitandani hospitali, hakuna aliyeniona nikinywa. Mwaka huu ni mzima, nimenenepa hivi, nipite Chuno yote mchana wa Ramadhani kwenda kunywa? Wataniita kobe."

Kwetu kobe ni mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani. Watoto wakikugundua wanakuimbia mpaka sikukuu. Mtu aliyelala kwenye majalala, akaitwa mwizi na teja na mavi ya kuku, alikuwa anaogopa kuitwa kobe. Nikamwambia, "Afadhali kobe aliye hai." Akanijibu, "Wewe hujawahi kuwa mtu wa kunyooshewa kidole, dada. Nimechoka. Nataka mwezi mmoja niwe kama watu." Mama hakubishana. Alichukua kanga yake akavuka barabara kwenda kwa mtani wetu, nikadhani anakwenda kuazima kinu.

Asubuhi ya kwanza ya mwezi jua limeshapanda, mdogo wangu hajatoka. Alikaa barazani karibu na cherehani yangu, kofia kichwani, uso kaukaza. Nilimwomba. Nilimtukana, nikamwomba tena. Mama alivaa baibui, akasimama mbele yake na kusema, "Twende, mwanangu, mimi nakusindikiza." Hakuwahi hata mara moja kwenda kwenye lile dirisha, alikuwa anaona haya. Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Nafunga, mama. Niache nifunge." Dirisha lina saa yake ya kufungwa, na sisi sote watatu tuliijua.

Ndipo ile sauti ya kufukuzia tumbili ikatoka ng'ambo ya barabara.

"Kobeee! Chuno njooni muone kobe!"

Milango ikafunguka. Mtani wetu alikuwa anavuka, kanga kaikaza kiunoni, mikono juu. "Huyu hapa kobe wangu! Anaumwa, dawa yake ya mchana, anaona haya kwenda kuinywa! Kobe mwenye haya mmewahi kumwona?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nilishika mkasi, kweli nilishika mkasi, nikawa nafikiria pa kuanzia. Watu wametoka, watoto wamejaa, mdogo wangu kainamisha kichwa, shingo imemtoka mishipa. Na hapo alipoinama, yule mama akafika, akamnyang'anya kofia.

"Hii sasa ni yangu!" akasema. "Nitaivaa niende nayo sokoni. Ukiitaka nifuate, kobe." Akaanza kukimbia.

Mtani akikuchukulia kitu, unakikomboa au unamfukuza, hakuna kununa. Mdogo wangu aliinua uso. Kofia ya mama yake, kazi ya miezi, inaondoka Chuno juu ya kichwa cha mtani, upande upande. "We mtani!" akapiga kelele. "Rudisha!" Akaruka baraza, kandambili moja ikabaki, akaenda.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mama wa watu, mnene, amefunga, jua linachoma, anakimbia barabara ya mtaa matiti yanaruka, anageuka kila baada ya muda kuonyesha kofia. Mdogo wangu nyuma yake na kandambili moja. Watoto nyuma yao wanaimba kobe, kobe, na yeye anawajibu, "Ndiyo, kobe! Nishikieni huyo mwizi!" Watu wazima wamejishika mbavu. Muuza genge kasimama juu ya kreti aone vizuri. Kile ambacho wangekinong'ona mwezi mzima nyuma ya milango, mtani alishakipiga kelele mara moja, mchana kweupe, na hakikuwa na utamu tena kwa mtu yeyote. Mama na mimi tulifuata nyuma, mama kalishika baibui mkononi, anakimbia na yeye, mwanamke wa sitara.

"Wewe ndiye uliyemtuma," nikamwambia huku nahema.

"Nilimwambia amsindikize," mama akasema. "Kofia kajiamulia mwenyewe."

Mtani wetu hakuwa anakimbilia sokoni. Alikata kona, akapita geti la hospitali, mlinzi akamwacha kwa mshangao, akaenda mpaka kwenye lile dirisha akaliegemea, hawezi hata kusema, kofia ameikumbatia kifuani. Mdogo wangu akafika, jasho linamtiririka. Foleni ilikuwa imekwisha, muuguzi alikuwa anafuta kaunta, mkono mmoja tayari kwenye pazia. Akatutazama sote: mama mnene anayetweta, kijana wa kandambili moja, mama yetu, mimi na mkasi wangu ambao sikujua kwamba nimekuja nao. Akauliza, "Kuna nini?"

Mtani wetu akanyoosha kidole chake kwenye kikombe, akainua kofia juu, mbali na mkono wa mdogo wangu. Mdogo wangu akamtazama yeye, akamtazama mama. Mama hakusema kunywa wala usinywe.

Muuguzi akamimina. Mdogo wangu akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi, akanywa.

"Haya," muuguzi akasema. "Ongea."

Na yeye akageuka, mwanya nje, akapiga kelele ambayo nadhani waliisikia mpaka wodini:

"Nirudishie kofia yangu, mwizi mkubwa wewe!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya hospitali, na baibui lake.

"Kameza," muuguzi akasema, akafunga pazia.